Bakteria hawaweki akiba ya kaboni: dalili, visababishi na pa kuanzia kuchunguza

Umeotesha bakteria, umewapunguzia naitrojeni, umesubiri usiku kucha. Asubuhi unapaka rangi, unaweka slaidi chini ya hadubini, na seli ni tupu. Au chembe zinaonekana wazi kabisa, ila kipimo cha kemia kinatoa sifuri. Au jana zilikuwepo na leo hazipo. Haya ni matatizo matatu tofauti, lakini kwenye daftari la maabara yote huandikwa vilevile, "akiba haikupatikana", na maneno hayo hayamsaidii mtu.

Nimeanza na dalili inayowasumbua wengi zaidi, na nimekaa hapo kwa muda, kwa sababu kadhaa kati ya zinazofuata huzaliwa na hiyohiyo.

Kabla ya yote: njaa ya nini?

Bakteria aliyekosa kaboni haweki akiba, anakula aliyonayo. Akiba huwekwa pale kaboni inapokuwa tele na kitu kingine cha lazima kinapokwisha: mara nyingi naitrojeni, wakati mwingine fosfati, salfa, magnesi au oksijeni. Ukiwanyima kila kitu kwa pamoja umewatesa bure.

Aliyechunguzwa sana katika jambo hili ni *Cupriavidus necator* H16, ambaye maandishi ya zamani yanamwita *Alcaligenes eutrophus* au *Ralstonia eutropha*. Naitrojeni ikimwishia hawezi tena kutengeneza amino asidi wala DNA, hivyo ukuaji unasimama. Sukari, hata hivyo, bado inaingia na kuvunjwa. NADH, kibebaji cha elektroni zinazotoka kwenye sukari, inarundikana na kukibana kimeng'enya kinachoingiza kaboni kwenye mzunguko wa Krebs, njia ya kuchoma kaboni ili kupata nishati, na asetili-CoA, yaani kipande cha kaboni mbili kilichoshikwa na koenzaimu A, inakosa pa kwenda. Kadiri inavyojaa ndivyo koenzaimu A iliyo huru inavyopungua, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikikizuia kimeng'enya cha kwanza cha njia ya akiba, PhaA. Kizuizi kikiondoka, PhaA huunganisha asetili-CoA mbilimbili, PhaB huongeza hidrojeni kutoka kwenye NADPH, na PhaC hushona vipande hivyo kuwa mnyororo mrefu wa polihidroksibutirati, kwa kifupi PHB. Mnyororo huo hauyeyuki majini, kwa hiyo seli inaweza kubeba shehena kubwa bila kuvuta maji na kuvimba. *C. necator* aliyelishwa vizuri hufika hadi asilimia 80 ya uzito mkavu.

PHB, ambayo Maurice Lemoigne aliieleza katika miaka ya 1920 kutoka kwenye *Bacillus megaterium*, si akiba pekee. *Escherichia coli* huweka glikojeni. *Rhodococcus opacus* PD630 huweka mafuta ya kawaida, na akilishwa glukoneti asidi za mafuta zinaweza kufika takriban asilimia 76 ya uzito wake mkavu. *Acinetobacter* huweka nta. Jua kwanza bakteria wako anaweka nini, maana rangi na vipimo havifanani.

Dalili: seli zimekua vizuri, akiba hakuna

Kisababishi cha kwanza ni hesabu. Tuseme mchanganyiko wa kuoteshea una gramu 10 za fruktosi na gramu 2 za amonia kloridi kwa lita. Amonia kloridi ni naitrojeni kwa asilimia 26 hivi, kwa hiyo una gramu 0.52 za naitrojeni. Mwili wa seli usiohesabiwa akiba huwa na naitrojeni ya asilimia 13 hivi, basi hiyo inatosha kujenga gramu 4 za seli. Na gramu 4 za seli, kwa kawaida ya bakteria wanaopumua oksijeni, zitakula gramu 9 hivi za sukari. Imebaki gramu moja. Naitrojeni na kaboni zimeisha karibu kwa wakati mmoja, na seli haikupata ziada ya kuweka.

Sasa geuza: fruktosi gramu 20, amonia kloridi nusu gramu. Naitrojeni ni gramu 0.13, seli zitafika gramu moja na kusimama, na sukari zaidi ya gramu 17 bado inaogelea. Hapo ndipo akiba inawekwa. Hata zikijaa hadi asilimia 80, yaani gramu 4 za PHB kwa kila gramu moja ya mwili, sukari nyingine itabaki. Mavuno ya seli yatakuwa madogo machoni, na hapo ndipo mtu huingiwa na wasiwasi akaongeza amonia. Usiongeze.

Kisababishi cha pili ni naitrojeni iliyofichika, nayo ina milango mingi. Dondoo ya hamira ina naitrojeni ya kiasi cha asilimia 10, na peptoni huwa nayo zaidi. "Kijiko kidogo cha kuchangamsha ukuaji" kinaweza kuwa na naitrojeni kuliko amonia yote uliyoipima kwa makini. Mbegu ya bakteria iliyotoka kwenye mchuzi mnono na kumiminwa bila kuoshwa huja na mchuzi wake. Kwenye matangi makubwa kuna mlango mmoja unaowanasa hata wazoefu: bakteria wakitumia amonia, pH hushuka, na mashine inarekebisha kwa kudondoshea myeyusho wa amonia. Yaani kila pampu inapolia, unawalisha kile unachodai umewanyima. Ukifika wakati wa uhaba, badilisha chupa ya pampu iwe ya sodiamu haidroksidi.

Wanaotaka uhaba wa fosfati wana mtego wao: bafa ya fosfati, yaani kimiminika cha kushikilia pH. Ukiwa na bafa hiyo kwa kiwango cha kawaida, fosfati haitakwisha. Tumia bafa nyingine, MOPS kwa mfano.

Huna haja ya kubahatisha ni kisababishi kipi. Ukuaji ukishasimama, chukua sampuli na uigawe kwenye chupa tatu ndogo. Ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili ongeza amonia kidogo. Ya tatu ongeza sukari. Zitikise katika joto lilelile, kisha baada ya saa moja au mbili soma tope lake kwenye spektrofotomita na uhesabu seli hai kwa kupanda kwenye sahani. Wakizaliana kwenye chupa ya amonia peke yake, naitrojeni ndiyo iliyokwisha na umefanya sawa. Kasoro iko kwingine, labda kwenye rangi au kipimo. Wakizaliana kwenye chupa ya sukari, kaboni ndiyo iliyotangulia kuisha. Isiposogea yoyote, kuna kitu cha tatu: fosfati, magnesi, chuma, au pH imeshuka mno. Chupa zote tatu zikikua, ile isiyoongezwa kitu ikiwemo, hukusubiri ukuaji usimame. Ni jaribio la bei rahisi kuliko yote katika kazi hii, na watu hulikwepa wakakimbilia kuchunguza jeni.

Suala la muda nalo. Bakteria wa kijani-bluu aitwaye *Synechocystis* akikosa naitrojeni huanza kwa kujaza glikojeni. PHB huja baadaye, na sehemu kubwa ya kaboni yake hutoka kwenye glikojeni hiyohiyo. Ukimpima siku ya kwanza na kusema hana PHB, umesema kweli lakini umewahi.

Dalili: hakuna hata ukuaji

Kama ni *C. necator* H16 na umempa glukosi, ndiyo sababu. H16 wa asili hatumii glukosi. Anakula fruktosi, glukoneti, asetati na mafuta ya mimea, ila glukosi hapana. Ukimwacha muda mrefu anaweza kuanza kukua, na usishangilie: waliokua ni wachache waliobadilika jeni, kwa hiyo huna tena nasaba uliyoanza nayo.

Dalili: chembe zinaonekana, lakini huna hakika ni akiba ya kaboni

Si kila kinachong'aa ndani ya seli ni PHB. Katika *Bacillus* wapo wawili wanaofanana chini ya hadubini isiyotumia rangi: chembe za akiba na spora. Vyote viwili hurudisha mwanga kwa ukali. Tofauti ni kwamba kwa kawaida spora huwa moja tu katika seli, ina umbo la yai na mpaka mkali, na Sudan Black B, rangi inayoshika vitu vya mafuta, haiingii ndani yake. Chembe za PHB mara nyingi huwa kadhaa na huwa nyeusi-bluu baada ya Sudan, huku safranini, rangi ya pili, ikiacha sehemu nyingine ya seli ya waridi.

Chembe za polifosfati ndizo za pili kwa kudanganya. Hizo ni akiba ya fosfati, wala si kaboni. Paka toluidini bluu: polifosfati hugeuka zambarau-nyekundu na seli hubaki bluu. PHB haifanyi hivyo.

Nile Blue A huipa PHB rangi ya machungwa ing'aayo, na glikojeni wala polifosfati haviipokei. Nile Red ni rahisi zaidi, unaweza hata kuichanganya kwenye agari na kutazama koloni zikiwa hai chini ya taa ya urujuanimno, lakini inashika mafuta ya aina nyingi. Inakuambia kuna kitu chenye mafuta; haikuambii kama ni PHB, mafuta ya *Rhodococcus* au utando wa seli. Mimi naitumia kuchagua koloni za kuchunguzwa zaidi, na hapo naishia.

Ukiona madoa meusi ya Sudan yametapakaa hata nje ya seli, rangi yako imezeeka na kuganda. Ichuje upya. Na ukiwa huoni kitu chochote, jiulize umeosha kwa zailini, kiyeyushio cha kuondoa rangi ya ziada, sekunde ngapi. Ukizidisha unaondoa hata rangi iliyokuwa imeshika.

Glikojeni ina njia yake: iodini. Otesha *E. coli* kwenye agari yenye glukosi, kisha pitisha mvuke au myeyusho wa iodini juu ya koloni. Zenye glikojeni hugeuka kahawia. Rangi hupotea iodini inapovukiza, kwa hiyo piga picha hapohapo, chai itasubiri. Koloni zikibaki rangi ya manjano hafifu wakati zilitakiwa kuwa za kahawia, usilaumu iodini kwanza. Nasaba za *E. coli* zilizohifadhiwa ovyo hupoteza jeni ya *rpoS*, na zikiipoteza glikojeni hupungua. Na koloni zikiwa nyeusi tii kuliko kawaida? Huenda *csrA* imeharibika, kwa kuwa protini yake ndiyo hufunga breki ya utengenezaji wa glikojeni.

Dalili: rangi inaonyesha akiba, kipimo kinasema hakuna

Kipimo cha zamani cha mwaka 1961 hupasha PHB moto ndani ya asidi ya salfuriki kali hadi igeuke asidi ya krotoniki, kisha husoma mwanga kwenye nanomita 235. Kinafaa, lakini kina mahali pawili pa kukwama. Pa kwanza ni kikombe cha kusomea. Kioo cha kawaida na plastiki nyingi hufyonza mwanga wa nanomita 235. Bila kikombe cha kwatzi unasoma kikombe chenyewe. Pa pili ni aina ya akiba. Asidi ya krotoniki hutokana na vipande vya kaboni nne. *Pseudomonas putida* hutengeneza polima za vipande virefu, vya kaboni 6 hadi 14, na kwa kipimo hiki ataonekana maskini hata akiwa amejaa pomoni. Kinyume chake pia hutokea: seli ambazo hazikusafishwa kwa klorofomu kwanza huacha protini na sukari, navyo hufyonza mwanga palepale, ukapata PHB ambayo haipo. Asidi ya salfuriki ikiwa moto haina msamaha. Fanya kazi ndani ya kabati la hewa, na miwani usoni.

Kwa kromatografia ya gesi, akiba huvunjwa kwanza iwe esta, vipande vidogo vinavyoweza kuvukizwa, kwa methanoli yenye asidi pamoja na klorofomu, kwenye nyuzi 100. Matokeo yakiwa chini kuliko inavyostahili, angalia mambo haya kwa mpangilio huu. Je, seli zilikauka kweli? Maji yakibaki, utengenezaji wa esta hurudi nyuma. Je, kifuniko kilivuja? Pima uzito wa chupa kabla na baada ya kuchemsha. Ikipungua, klorofomu imetoroka. Je, ulichukua tabaka sahihi? Ukiongeza maji mwishoni, klorofomu yenye esta hukaa chini. Anayevuta tabaka la juu anadunga maji kwenye mashine, na mashine haitamshukuru. Tia asidi ya benzoiki ya kiasi unachokijua tangu mwanzo, ili hasara ionekane kwenye hesabu badala ya kujificha.

Sodiamu haipokloriti, kiungo cha dawa ya madoa, huyeyusha seli na kuacha PHB. Kwa kupima uzito tu inatosha, ila hukatakata minyororo, kwa hiyo usiitumie kama unataka kujua urefu wake.

Dalili: tope linaongezeka, idadi ya seli haiongezeki

Hakuna kilichoharibika. Chembe hutawanya mwanga na seli hunenepa, hivyo namba ya spektrofotomita hupanda bila bakteria hata mmoja kuzaliwa. Ni ishara nzuri, tena ya mapema. Ila usiitumie namba hiyo kukokotoa idadi ya seli baada ya uhaba kuanza.

Dalili: jana ilikuwepo, leo imekwisha

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya bakteria haiozi, lakini huliwa upesi. Sukari ikiisha, au naitrojeni ikirudi, vimeng'enya vya PhaZ hukatakata mnyororo na seli huutumia kujenga mwili na kupata nishati. Hata wakati wa kuweka, kiasi fulani huvunjwa sambamba na kushonwa, na unachokipima ni tofauti ya hivyo viwili.

Kwa hiyo usipime mara moja. Chukua sampuli kila baada ya saa chache, na katika kila sampuli pima pia sukari na amonia zilizobaki. Ukiziweka kwenye grafu moja utaona amonia ikigusa sifuri, akiba ikianza kupanda, sukari ikiisha, akiba ikianza kushuka. Vuna kabla ya hapo pa tatu. Ukishavuna, poza mara moja kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji yenye baridi, osha, gandisha. Seli zilizoachwa mezani zinaendelea na maisha yao.

Dalili: akiba ipo ingawa naitrojeni ni tele

Angalia hewa. *Azotobacter beijerinckii* hufunga naitrojeni ya hewani mwenyewe. Kwake kinachochochea PHB ni upungufu wa oksijeni. Oksijeni ikipungua hakuna pa kupeleka elektroni, na PHB huwa mahali pa kuzimwaga. Chupa iliyojazwa zaidi ya robo ya ujazo wake, au mashine ya kutikisa iliyopunguzwa kasi na mtu mwingine usiku, inatosha kukupa matokeo hayo bila kukusudia.

Katika mitambo ya kusafisha majitaka kwa kuondoa fosfati, mambo huenda kinyume na yote niliyoandika: *Accumulibacter* huweka akiba ya kaboni wakati oksijeni haipo, kwa nishati ya kuvunja polifosfati, na huila akiba hiyo pale oksijeni inaporudi, huku akijaza tena polifosfati. Ukipima matope ya mtambo kama huo, andika ni ya kipindi gani, la sivyo namba haina maana.

Dalili: wasio na akiba wanastahimili njaa sawa na wenye akiba

Hapa jaribio ndilo huwa na kasoro. Umezima jeni ya *phaC*, umewaweka bakteria wa aina zote mbili kwenye njaa, na wanakufa kwa mwendo mmoja. Anza na kimiminika walimo. Nasaba ya *C. necator* isiyoweza kutengeneza PHB hutema piruveti nje wakati wa uhaba wa naitrojeni. Usipoiosha, inaenda kwenye jaribio la njaa na chakula chake mkononi. Osha mara kadhaa kwa bafa isiyo na kaboni.

Kisha angalia wingi. Seli zikiwa nzito mno kwenye chupa, wanaokufa wanawalisha walio hai. Zimua hadi ziwe chache. Na uliza kama kuna akiba ya pili: *Sinorhizobium meliloti* ana PHB na glikojeni pia, kwa hiyo ukifunga mlango mmoja mwingine uko wazi.

Inawezekana pia dhiki uliyochagua ni nyepesi. Katika *Azospirillum brasilense*, tofauti kati ya wenye PHB na wasio nayo ilionekana walipopigwa na urujuanimno, joto na ukavu. Kukaa kwenye bafa tulivu kwa siku mbili pengine hakutaonyesha kitu.

Ongeza nasaba ya tatu: inayoweka akiba lakini haiwezi kuifungua, yaani iliyozimwa PhaZ. Ikifa kama ile isiyo na akiba, utajua kinachookoa ni kuila akiba, na kuwa na chembe ndani tu hakutoshi. Kwa H16 kuzima jeni moja hakutatosha, maana anazo kadhaa za aina hiyo. Pima PHB siku ya kwanza na siku ya mwisho uone kama kweli haikuguswa.